Krimu Inayoogopa Dhahabu: Mkataba wa Mataifa na Haki ya Mlaji

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumekusudia kuzungumzia jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka huonekana kuwa ni la mawaziri na mabalozi, wala si la nyumba zetu. Nalo ni mikataba ya kimataifa ya kulinda mazingira. Aghalabu habari za mikataba hii husomwa redioni, ukatajwa mji wa mbali na tarehe ya kutiwa saini, kisha mama akarudi kwenye chungu chake na baba akarudi kwenye hesabu zake. Hoja yetu ni kwamba mmoja katika mikataba hiyo unahusu kitu kilichomo bafuni mwetu, juu ya kisahani cha sabuni na ndani ya kopo la krimu. Na mkataba huo hautatufaa vya kutosha mpaka ushikane mkono na haki ya mlaji, yaani haki ya mnunuzi kujua anachouziwa na kukingwa na madhara yake.

Kilichotusukuma kuandika ni swali la mtu mmoja. Miezi michache iliyopita, baada ya sala ya Alasiri, alitujia mzee wa mtaani kwetu akiwa na kopo dogo la krimu ndani ya mfuko. Binti yake alikuwa amebakiza majuma matatu kabla ya nikahi, na somo yake alikuwa amempatia krimu ile ili ang'are siku ya kutolewa nje. Mzee hakuja kuuliza habari ya halali na haramu. Kulikuwa na jambo lililomshangaza. Kijana wake anayesoma sekondari alikuwa amemfasiria maandishi ya kopo lile, na miongoni mwake mlikuwa na onyo kwamba anayejipaka asiguse dhahabu, fedha wala alumini.

Mzee akatuambia: "Sheikh, mimi nimejibana mwaka mzima nimnunulie mwanangu bangili za dhahabu. Sasa hii dawa inayoogopa dhahabu, ikiingia katika ngozi ya mwanangu inafanya nini?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Tumelitafuta, na tulilolipata ndilo tunaloliweka mbele yenu.

Kwa nini dhahabu?

Kitu kinachogombana na dhahabu kwa namna hiyo ni zebaki. Zebaki ni metali, lakini katika joto la kawaida huwa kimiminika, hung'aa kama fedha na kuteleza kama tone la mafuta. Ina tabia ya kushikamana na dhahabu. Ndiyo maana wachimbaji wadogo katika maeneo kama Geita na Chunya huichanganya na mchanga uliosagwa ili iikusanye dhahabu, kisha huichoma ikaondoka kwa mvuke na dhahabu ikabaki. Tabia hiyo hiyo ndiyo inayoifanya pete ya dhahabu iharibike inapokutana na kipodozi chenye zebaki. Shirika la Afya Duniani limelitaja onyo la kutogusa dhahabu, fedha, alumini au mpira kuwa ni miongoni mwa dalili kwamba huenda kipodozi kina zebaki, hata kama jina lake halikuandikwa koponi. Kwa hiyo mzee wetu, asiyekuwa mkemia, aliuliza swali ambalo hata mkemia angelianzia hapo.

Na katika ngozi je? Chumvi za zebaki huzuia kutengenezwa kwa melanini, ile rangi ambayo Muumba ameijaalia kuwa kinga ya ngozi dhidi ya jua. Ngozi hupauka, na mwenye kutazama kwa haraka akadhani imetakata. Lakini zebaki haiishii ngozini. Hupenya hadi kwenye damu na kuathiri figo, nazo huanza kuvujisha protini, mwili ukavimba. Huleta vipele na mabaka, huleta kutetemeka, wasiwasi na kukosa usingizi. Wala haimwachi mwenye kujipaka peke yake. Mvuke wake huvutwa na wote wanaolala chumba kimoja, na mtoto mchanga hupata fungu lake kwa kuguswa na mkono wa mama na kwa kulala juu ya mashuka na taulo zilizotumika.

Jambo hili si geni katika ardhi yetu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi katika jarida la tiba la Uingereza, British Medical Journal. Walikuwa wakiwatibu watu wazima wenye maradhi ya figo yanayovimbisha mwili, na wakakuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa hao walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Baadhi yao walipata nafuu walipoziacha. Tuzingatie tarehe hiyo. Mabibi waliokuwa maharusi mwaka ule leo wana vitukuu, na bado kopo la namna ileile linaingia katika chumba cha bibi harusi.

Kutoka Minamata hadi Mwanza

Minamata ni mji wa pwani nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilichokuwa hapo kilimwaga baharini, kwa miongo kadhaa hadi mwaka 1968, maji machafu yenye zebaki ya aina mbaya zaidi, ile ambayo wataalamu huiita methili-zebaki. Sumu ile ikaingia katika viumbe vidogo vya baharini, vikaliwa na samaki, nao samaki wakaliwa na wavuvi na ahali zao. Paka wa mji ule walionekana wakiyumba na kurukaruka hadi kufa. Mwaka 1956 ugonjwa wa binadamu ukatangazwa rasmi: mikono kufa ganzi, macho kupoteza upeo, ulimi kuwa mzito, na watoto kuzaliwa wakiwa wamekwisha kudhurika tumboni mwa mama ambao wenyewe hawakuonekana kuumwa sana. Serikali ya Japani ilichukua miaka 12, hadi 1968, kukiri rasmi kwamba chanzo kilikuwa ni kiwanda kile. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa wamezidi 2,000, na waliodai kudhurika ni wengi zaidi ya hao.

Miongoni mwa madaktari waliotumia umri wao kuwahudumia wagonjwa wale alikuwa Masazumi Harada, aliyefariki mwaka 2012. Katika miaka ya 1990 yeye na wenzake walifika kwetu, katika ukanda wa Ziwa Viktoria, kuchunguza kama zebaki ya machimbo ya dhahabu imewadhuru watu. Walipima nywele za wachimbaji, za wavuvi na familia zao, na za wakazi wa mji wa Mwanza, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Mtu angetarajia zebaki nyingi kwa wachimbaji peke yao, au kwa walaji wa samaki kama ilivyokuwa Minamata. Lakini miongoni mwa waliokutwa na viwango vikubwa nyweleni walikuwamo watu wa mjini wasiochimba dhahabu. Walipoulizwa maisha yao, ikadhihirika kwamba walikuwa wakiogea sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki.

Ndugu zetu, hili ni fundisho kubwa. Daktari alitoka Japani kuitafuta sumu ya mazingira, akaikuta katika bidhaa ya dukani. Wala mambo haya mawili hayakutengana. Sabuni ile ikishatumika, maji yake huenda kwenye mtaro, mtaro ukaelekea mtoni, mto ukaishia ziwani au baharini. Huko vijidudu huigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ikaingia katika samaki, na samaki akarudi mezani kwetu. Anachojipaka mke wa jirani leo kinaweza kuwa sehemu ya kile atakacholishwa mtoto wetu kesho. Ndiyo maana mlaji hawezi kulindwa yeye akaachwa mto, wala mto hauwezi kulindwa akaachwa mlaji.

Mataifa yalikubaliana nini?

Kwa kuukumbuka msiba wa mji ule, mkataba wa dunia kuhusu zebaki uliitwa Mkataba wa Minamata. Ulipitishwa mjini Kumamoto, Japani, Oktoba 2013, na ukaanza kutumika rasmi tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania iliuridhia mwaka 2020 na Kenya mwaka 2023. Unagusa machimbo, viwanda, biashara ya zebaki yenyewe na taka zake. Lakini sehemu inayotuhusu zaidi ni orodha yake ya bidhaa: betri za aina fulani, taa za aina fulani, vipimajoto vya zebaki, viuadudu, na vipodozi, zikiwemo sabuni na krimu za kung'arisha ngozi.

Kwa vipodozi, mkataba uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuingiza nchini na kusafirisha nje vile vyenye zebaki inayozidi sehemu 1 katika milioni. Kiwango hicho ni kidogo mno, lakini ndani yake mlikuwa na mwanya. Madhali kuna kikomo, kila mzozo huhitaji kwanza kipimo cha maabara, na muuzaji hupata nafasi ya kusema kwamba mzigo wake upo chini ya kikomo. Mwaka 2023, katika mkutano wa nchi wanachama uliofanyika Geneva, na nchi za Afrika zikiwa mstari wa mbele kulidai jambo hili, kikomo hicho kiliondolewa. Vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki, iwe kidogo au nyingi, viliwekewa mwaka 2025 kuwa mwisho wake. Hii ni hatua njema, na waliosimama kuitetea wanastahili shukurani.

Hata hivyo, msomaji mwenye kuzingatia atauliza: ikiwa mataifa yamekwisha kuafikiana, kopo lile lilimfikiaje binti wa mzee wetu?

Jibu limo katika maneno yenyewe ya mkataba. Ibara ya 4 inazitaka nchi zisiruhusu mambo matatu kwa bidhaa zilizoorodheshwa: kuzitengeneza, kuziingiza nchini na kuzisafirisha kwenda nje. Haikusema kuuza. Mkataba ni makubaliano baina ya dola na dola, na mlango ambao dola huukabidhi kwa dola ni bandari na mpaka. Bidhaa ikishapenya kwa njia za panya, au ikiwa ilikuwamo ghalani kabla ya tarehe, au ikikorogwa katika chumba cha nyuma cha saluni kwa unga ulionunuliwa kichochoroni, mkono wa mkataba peke yake haufiki hapo. Anayeweza kufika ni mwenye sheria ya soko: mkaguzi wa viwango, hakimu, na mlaji mwenyewe mwenye risiti mkononi.

Na kinyume chake pia ni kweli. Sheria ya mlaji ya nchi moja, bila mkataba wa mataifa, humlinda mlaji wa nchi hiyo tu. Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku zebaki katika vipodozi vya watu wake tangu mwaka 1976, ila kwa matumizi machache ya pembezoni mwa macho. Lakini viwanda vilivyokuwa katika nchi hizo hizo viliendelea kutengeneza sabuni zenye zebaki kwa ajili ya soko la Afrika, zikiitwa sabuni za kuua vijidudu. Ilibidi ifike mwaka 2003 ndipo sheria ya Umoja wa Ulaya ikakataza waziwazi kuzisafirisha nje. Yaani kwa zaidi ya robo karne, kilichohesabika kuwa sumu kwa ngozi ya binti wa kule kilihesabika kuwa biashara kwa ngozi ya binti wa huku. Hapo ndipo tunapoona haja ya viwili hivi kuunganishwa. Sheria ya mlaji bila mkataba huiacha sumu ivuke mpaka kwenda kwa jirani, na mkataba bila sheria ya mlaji huishia bandarini.

Haki ya mlaji ni nini?

Mwaka 1985 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Miongozo ya Kumlinda Mlaji, nayo ikataja usalama wa bidhaa, upatikanaji wa habari sahihi na njia ya kulipwa fidia. Mwaka 1999 miongozo hiyo iliongezewa sura ya matumizi endelevu, kwa maana ya kutumia leo bila kumharibia wa kesho, na mwaka 2015 ikapitiwa tena. Kwa hiyo tangu 1999 mataifa yenyewe yamekiri kwamba haki ya mnunuzi na salama ya ardhi haziachani.

Katika nchi zetu misingi ipo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeweka katika mlango mmoja wa haki mambo haya mawili: Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, na Ibara ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaostahili, ya kupata habari, ya kulindwa afya yake na ya kulipwa fidia akidhurika. Tena Katiba hiyo inasema kwamba mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Mwaka 2012 ikafuatia Sheria ya Kumlinda Mlaji.

Tanzania ina Sheria ya Ushindani wa mwaka 2003, inayokataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa, na ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Udhibiti wa vipodozi, ambao awali ulikuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, ulihamishiwa Shirika la Viwango mwaka 2019. Nazo nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zina kiwango cha pamoja cha vipodozi, kinachoitwa EAS 377, chenye orodha ya vitu vilivyokatazwa, na zebaki imo.

Mushkeli, kwa mtazamo wetu, upo katika kuunganisha. Mkataba wa zebaki hukaa katika ofisi ya mazingira, vipodozi hukaa katika ofisi ya viwango, bidhaa bandia katika ofisi ya ushindani, mgonjwa wa figo yumo hospitalini, na mpaka unalindwa na watu wa forodha. Kopo ni moja, ofisi ni tano. Daktari anayemtibu binti mwenye kuvimba miguu asipomuuliza anajipaka nini, na akimuuliza asiipeleke habari kwa mwenye mamlaka ya soko, basi kopo lile litaendelea kuuzwa katika duka lile lile. Tunatoa nasaha kwa wenye dhima waifanye njia ya habari kati ya ofisi hizi kuwa fupi, na majina ya bidhaa zilizokutwa na zebaki yatangazwe kwa Kiswahili, sokoni na redioni, mahali ambapo mnunuzi atayasikia.

Wala zebaki si mfano wa pekee. Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilipiga vita gesi za majokofu zinazotoboa tabaka la ozoni, na marekebisho yake yaliyopitishwa Kigali mwaka 2016 yanapunguza gesi nyingine zinazoongeza joto la dunia. Mlaji anayeuziwa jokofu kuukuu la mtumba, lenye gesi iliyopitwa na wakati na linalofyonza umeme kupita kiasi, huumia mara mbili. Anga huharibika, na fedha ya luku huisha kabla ya mwezi. Hapo tena, lililo dhuluma kwa mnunuzi ndilo lililo dhuluma kwa anga.

Sisi tunalo la kusema

Waislamu hatupaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Tunajua sote kisa cha Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akatia mkono ndani akakuta unyevu, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha chini badala ya kuuweka juu watu wauone, na akajitenga na kila mwenye kughushi. Zebaki iliyofichwa chini ya karatasi yenye picha ya msichana anayetabasamu ni unyevu ule ule chini ya rundo lile lile.

Kutokana na mafundisho hayo Waislamu walijenga taasisi ya hisba, na msimamizi wake akaitwa muhtasib. Imamu Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058 kwa hesabu ya miladi, aliiwekea mlango maalumu katika kitabu chake cha hukumu za utawala, na Sheikh Ibn Taymiyya naye akaiandikia risala. Muhtasib alikagua mizani, mikate, maziwa na dawa za watabibu. Na mtu huyo huyo mmoja aliangalia pia njia za maji na uchafu unaotupwa barabarani. Waliotutangulia hawakuligawa soko na mazingira kuwa ofisi mbili, kwa kuwa kanuni waliyoifuata ilikuwa moja: mtu asidhuru wala asidhuriwe.

Na kuhusu makubaliano ya mataifa, tukumbuke mfano alioupiga Mtume (s.a.w.), uliopokewa na Nu'man bin Bashir (r.a.), wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakaona taabu ya kupanda kuteka maji, wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wataangamia. Wakizuiwa, wote wataokoka. Sisi watu wa pwani tunaujua mfano huu kwa miili yetu. Hakuna tundu la jirani katika jahazi.

Lakini tuseme kweli hata inapotuuma. Tutawalaumu viwanda na wafanyamagendo, nao wanastahili, ila soko halisimami bila wateja. Binti yule hakuamka tu akaichukia rangi yake. Amewasikia wanaume wakisifu weupe, wamo na wenye kusali safu ya kwanza, anapotajwa mchumba. Amewasikia mama wakimwita mtoto mmoja mzuri na mwenzake mweusi, kana kwamba maneno hayo mawili ni kinyume. Hatuna haki ya kumkemea kwa kopo alilolishika ikiwa ulimi wetu ndio uliomtuma dukani.

Na yupo mwingine wa kufikiriwa: mama mjane mwenye meza ya vipodozi, anayesomesha watoto kwa faida ya kila siku. Huyu hakutengeneza sumu, na mara nyingi hajui anachouza. Kumnyang'anya mzigo na kumfikisha mahakamani, ilhali aliyeuingiza kwa makasha hajulikani, si uadilifu. Anastahili kufundishwa, kuoneshwa bidhaa salama, na kutakiwa amtaje aliyemuuzia. Akishajua kisha akaendelea, hapo udhuru wake umekwisha mbele ya sheria na mbele ya Mola wake.

Tufanye nini majumbani?

Kwanza, tusome kopo kabla ya kulipa. Likiwa na maneno kama mercury, mercuric iodide, mercurous chloride, ammoniated mercury au calomel, au herufi Hg, au onyo la kutogusa dhahabu na fedha, tuliache. Lisilotaja mtengenezaji, nchi wala viambato, tuliache pia. Na mkorogo usio na kopo wala jina, tuuache kabisa.

Pili, aliyekwisha kutumia asione haya kumweleza daktari. Zebaki hupimika katika mkojo na damu, na kuacha mapema huokoa mengi. Mama mjamzito na anayenyonyesha wasicheleweshe.

Tatu, kopo lenye shaka tusilitupe chooni, mtaroni wala motoni. Lifungwe ndani ya mfuko na kulipeleka au kuliarifu kwa mamlaka ya viwango au ya mazingira. Tuombe risiti, tuitunze, na tulalamike kwa maandishi, kwa kuwa lalamiko la mdomo hufa mlangoni.

Nne, walimu wa madrasa na masomo wa maharusi walibebe somo hili. Pwani yetu ina liwa na singo na hina, vitu ambavyo bibi zetu walivisugua juu ya jiwe la msio wakavijua asili yake. Tuvirejeshe kwa heshima, tukihakikisha navyo havikughushiwa.

Tunamalizia kwa mzee wetu. Tulipompelekea majibu haya, aliuliza tena: "Basi kopo langu lina zebaki au halina?" Tukamwambia kwamba hatujui, kwa kuwa onyo ni dalili tu na halijapimwa. Akanyamaza kitambo, kisha akasema kuwa yeye aliyelilipia hajui, aliyemuuzia hajui, na sheikh wake hajui. Hilo ndilo shina la maneno yetu yote ya leo. Mataifa yameafikiana kwamba sumu ile isiwepo, na bado mzazi hana njia nyepesi ya kujua kama imo mkononi mwake. Umbali uliopo kati ya saini ya Kumamoto na mkono wa mzee huyu ndio unaotakiwa kufupishwa, na kila mmoja wetu ana hatua yake ndani yake.

Binti aliiacha krimu ile. Aliolewa akiwa na rangi aliyojaaliwa na Mola wake, amepakwa liwa, na bangili za baba yake mikononi.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atupe riziki iliyo halali na safi, awaongoze wenye dhima katika uadilifu, na atuhifadhie vizazi vyetu, maji yetu na ardhi yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.